Hesabuni Ardhi Kabla ya Ng'ombe

Jumapili moja hapa Dodoma mhubiri alitufungulia kitabu cha Mwanzo, sura ya 13. Ni ile habari ya Abramu na Lutu, mifugo yao ilipoongezeka mpaka nchi ikawa ndogo na wachungaji wao wakaanza kugombana. Aliisimulia vizuri. Kisha akawageukia wafugaji wetu. Ndiyo maana Kiteto na Simanjiro hakukaliki, alisema. Watu wamejaza ng'ombe kuliko ardhi inavyoweza kubeba, wapunguze ili nchi ipone. Kanisa zima likaitikia amina. Mimi sikuitikia, na hasira ile haijaniisha.

Nilipofika nyumbani niliisoma sura yote upya. Hakuna ng'ombe hata mmoja aliyeuzwa mle. Hakuna mbuzi aliyechinjwa ili hesabu ikae sawa. Abramu alimpa Lutu nafasi ya kuchagua upande, Lutu akashika bonde la Yordani lenye maji, naye mzee akabaki Kanaani. Walitawanyika! Dawa iliyoandikwa mle ni kuhama, na kuhama ndiko wafugaji wetu wanakokatazwa kila siku, kwa faini, kwa mgambo na kwa mabomu ya machozi.

Simlaumu mhubiri peke yake. Amesema kile ambacho nchi nzima inaamini, kuanzia mtendaji wa kata mpaka mtoa mada kwenye semina ya hotelini: ng'ombe ni wengi mno, ufugaji wa kuhamahama umepitwa na wakati, kila mmoja abaki na ng'ombe wachache wenye tija. Wakati huohuo, kwenye maonyesho ya Nane Nane, viongozi walewale wanajisifu kwamba Tanzania ni ya pili Afrika kwa wingi wa ng'ombe, nyuma ya Ethiopia. Ng'ombe akiwa kwenye hotuba ni utajiri wa taifa. Akiwa kwenye majani ni balaa.

Wanayo na hesabu yao. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 hula kwa siku majani makavu yanayofikia asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo 6 na ushee. Kwa mwaka ni karibu kilo 2,300. Tuseme mwaka wa mvua ya kawaida hekta moja inatoa kilo 1,500 za majani makavu, na ili udongo usibaki uchi ng'ombe aruhusiwe kula asilimia 40 tu. Zinapatikana kilo 600. Mtaalamu anagawanya, anapata hekta 4 kwa ng'ombe mmoja, anaiandika kwenye ripoti, mhuri unagongwa. Kuanzia siku hiyo kijiji kizima kinaambiwa kimezidisha mifugo.

Lakini mwaka wa ukame hekta ileile ikitoa kilo 500, ng'ombe yuleyule anahitaji hekta zaidi ya 11. Mvua ikimwagika vizuri ikatoa kilo 3,000, hekta 2 zinamtosha. Sasa mfugaji afuate hesabu ya mwaka gani? Akifuga kwa kipimo cha mwaka mbaya, miaka mizuri nyasi zitaliwa na mchwa na moto. Akifuga kwa kipimo cha mwaka wa kawaida, ukame utamuua tu, maana huko Longido mwaka wa kawaida ni jambo la kwenye karatasi. Mvua inanyesha bonde hili, bonde la pili linakauka. James Ellis na David Swift waliyaandika haya mwaka 1988 baada ya utafiti wao Turkana, kaskazini mwa Kenya: kwenye nchi kame, mvua na ukame ndivyo vinavyopandisha na kushusha idadi ya mifugo, na mfugaji anaishi kwa kufuata majani yalipo. Karibu miaka 40 imepita. Sisi bado tunagonga mihuri kwenye hekta 4.

Na huyo anayeambiwa abaki na ng'ombe kumi, ameshaulizwa atafanya nini ukame ukipita? Mwenye ng'ombe mia akipoteza sitini anabaki na arobaini, anaanza upya. Mwenye kumi akipoteza sita, watoto wake wanaenda mjini kulinda mageti ya watu. Kundi kubwa ndiyo benki yake na ndiyo bima yake. Ukimwambia alipunguze umemwambia akafunge akaunti siku moja kabla ya njaa.

Watu hawa mnaowapa semina wanajua kupima malisho kuliko semina zenu. Jioni moja huko Kiteto nilisimama na mzee wa Kimaasai langoni mwa boma ng'ombe wakirudi. Hakuhesabu vichwa. Alitazama kila ng'ombe ubavu wa kushoto, pale nyuma ya mbavu ambapo tumbo la aliyeshiba hujaa na la mwenye njaa hubonyea. Kisha akachokonoa mavi mabichi kwa ncha ya fimbo. Yalikuwa magumu, yamekaa kwa matabaka. Akamwita kijana wake: kule mlikotoka leo msirudi, nyasi zimeisha nguvu, kesho shikeni upande wa mashariki, ndama wabaki alalili. Nikamuuliza amejuaje. "Mavi ya ng'ombe yanasema yote, mwanangu," akanijibu, akaendelea kutazama. Alalili ni malisho yanayofungwa masika yote, hakuna anayegusa, ili kiangazi ndama na wagonjwa wapate pa kulia. Uamuzi ule ulichukua dakika chache, na kesho yake mifugo yote ya boma lile ilibadilisha njia.

Ardhi iliyochoka ipo, sikatai. Nimeiona: udongo mwekundu mtupu kuzunguka visima, miti imebaki mizizi, upepo unaokota vumbi tangu saa nne asubuhi. Ninachouliza ni nani aliyewasukuma ng'ombe wote wakasimama hapo.

Nendeni Hanang. Wabarabaig walikuwa na mzunguko wao wa malisho kwa majira, na nchi waliyoithamini kuliko zote ilikuwa nyanda zenye rutuba wanazoziita muhajega. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashamba ya ngano ya serikali, yaliyojengwa kwa msaada wa Kanada, yalichukua zaidi ya ekari 100,000 za nchi hiyo. Ng'ombe hawakuongezeka siku trekta zilipoingia. Walikuwa walewale, ila sasa wamebanwa kwenye vilima na miteremko ambako zamani walipita kwa msimu tu. Miteremko ikachimbika. Na miteremko ilipochimbika wakaja wataalamu na daftari, wakaandika: mifugo imezidi uwezo wa malisho. Ekari 100,000 zilizoondolewa hazikuingia kwenye hesabu yao.

Hili ndilo jambo nitakalolisema mpaka sauti inikauke: idadi ya ng'ombe kwa hekta ina namba mbili, ng'ombe na hekta. Miaka yote tunaitazama ile ya juu peke yake. Ondoa hekta, na hata ng'ombe wa babu yangu, ambao hawakumtisha mtu enzi zake, leo watakuwa wengi mno. Na hekta zinazoondolewa huwa ndizo za maana: bonde lenye unyevu, kingo za mto, mbuga ya kiangazi. Ukichukua sehemu ndogo hiyo umechukua kiangazi chote, hata kama ramani inaonyesha mfugaji bado ana eneo kubwa la kutazama.

Usangu ni hivyohivyo. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993. Umeme wa mabwawa yake ukawa wa mgao, taifa likatafuta wa kulaumiwa, likawapata wenye fimbo. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wa kinamasi cha Ihefu wakaondolewa pamoja na ng'ombe wao, wengi wakapelekwa Lindi na Pwani, mifugo mingine ikafia njiani. Ng'ombe wakatoka. Mto ukaendelea kukauka. Upande wa juu wa mto kuna skimu za mpunga, Mbarali na Kapunga na mifereji isiyohesabika ya wakulima wadogo, inayokunywa maji hata kiangazi. Mpunga haukuitwa mvamizi na gazeti lolote. Na hapa niseme na wenzangu wa vyumba vya habari: mfugaji akihama anaandikwa "avamia", mwekezaji akihamia anaandikwa "awekeza", na mwandishi hajafika hata stendi ya wilaya hiyo.

Kila nikisema haya ninatajiwa Kondoa. Mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililomomonyoka la Kondoa, na majani yakarudi. Yalirudi, naam. Fungia binadamu asiingie Kariakoo mwaka mzima na pale nako majani yataota. Ng'ombe wale walikwenda wapi? Walikwenda kwa majirani, kuongeza msongamano kule ambako hakuna mfadhili aliyekwenda kupiga picha. Na hata makorongo yenyewe si kazi ya ng'ombe peke yake kama tulivyofundishwa shuleni. Waliochunguza matabaka ya udongo wa Kondoa walikuta mmomonyoko ulioanza zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Wakati huo hapakuwa na ng'ombe wa kufugwa Afrika Mashariki yote.

Linganisheni na Shinyanga, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulianza mwaka 1986. Wasukuma wana ngitili, jambo lilelile la alalili: unafunga eneo masika, unalifungua kiangazi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikuwa imewaondoa watu karibu na ngitili zao, zikafa. HASHI ilipowaacha wazirudishe kwa sheria zao wenyewe, ngitili zilizokuwa hekta mia kadhaa zilienea zikapita hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ukapata tuzo ya kimataifa. Mradi huo haukumwekea Msukuma kikomo cha ng'ombe. Ulimrudishia mamlaka juu ya majani.

Imani hii ya kupunguza haijaanza leo, na waliotuachia hawakuwa na nia njema. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya iliamua kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi kuliko ardhi yao, ikaanza kuwakamata na kuwauza kwa bei ya kutupa, kiwanda cha nyama cha Liebig cha Athi River kikiwa tayari kinasubiri. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu kutembea kutoka Machakos mpaka Nairobi, wakakaa huko mpaka serikali ikalegeza kamba. Mwenyewe akaishia uhamishoni Lamu. Waliosema ng'ombe wa Mkamba wamezidi ndio waliokuwa wamechukua nyanda zake za malisho wakawapa walowezi. Leo tunarudia maneno yao kwa Kiswahili fasaha, na tunapigiwa makofi.

Halafu kuna yule wa ng'ombe wa kisasa. Hakosi. Kila kikao atasimama mwenye kalamu tatu mfukoni aseme: Mmasai auze ng'ombe hamsini, anunue mmoja wa maziwa anayetoa lita 20 kwa siku. Mpeni huyo bwana ng'ombe wake, ampeleke Longido mwezi wa kumi. Ng'ombe huyo anahitaji maji kwa makumi ya lita kila siku, anahitaji pumba na mashudu, banda, dawa ya kupe na daktari. Zebu, ng'ombe wetu wa kienyeji, anatembea kwenda kisimani, anakunywa, na kunywa kwake tena kunaweza kuwa keshokutwa. Josho la kijiji lenyewe limepasuka, dawa haijafika, afisa mifugo ana kata tatu na pikipiki isiyo na mafuta. Nani atakamua hizo lita 20, na nani atazifikisha mjini kabla hazijaganda? Kisha Jumamosi huyohuyo mtamkuta mnadani Msalato ameagiza kilo mbili za nyama choma, za zebu aliyekuzwa kwa majani ya porini na miguu yake mwenyewe.

Tunachohitaji kimeshaandikwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ni ya mwaka 1999. Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ni ya 2010. Huko Kiteto vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikubaliana kutumia malisho yao kwa pamoja, vikaunganisha mipango yao ya matumizi ya ardhi, wafugaji wakapewa hati za kimila za eneo la malisho. Wakaliita OLENGAPA. Ng'ombe wa kijiji kimoja anaweza kufuata mvua kwenye kijiji cha pili bila kugeuka mhalifu. Hiyo ndiyo kazi ya afisa malisho: kupima, kuweka mawe ya mipaka, kuacha njia ya mifugo wazi mpaka kisimani, na kumzuia mwenye trekta, hata kama ni diwani.

Basi atakayeitisha mkutano kijijini kuzungumzia uwezo wa malisho aje na ramani mbili, ya mwaka 1970 na ya leo. Azitandike mezani mbele ya wazee. Aonyeshe kwa kidole shamba la mwekezaji, hifadhi, ranchi, mgodi na kambi, kila kimoja na mwaka kilipoingia na jina la aliyesaini. Wazee wakishamaliza kuuliza maswali yao juu ya ramani hizo, ndipo afungue daftari lake la ng'ombe.