Mitaa ya Kolwezi: tuandike mbele haijavunjwa



Wengi kati yetu, tukifunga masomo, tunakwenda Kolwezi kwa wajomba na baba wakubwa. Tunaangalia soko, tunaangalia mpira, tunarudi Kasaji. Likizo iliyopita sisi watano tulifanya namna ingine: siku mbili tulitembea kwa miguu katika mitaa ya zamani, daftari mkononi.

Wenzetu wamekwisha kutucheka. Mmoja wa kalasa ya sita alisema: «Historia iko Musumba kwa Mwant Yav, iko Bunkeya kwa Msiri. Kolwezi kuko nini? Nyumba za kampuni tu, zote sawasawa!»

Ni kweli, Kolwezi si mji wa kale. Union Minière iliuanza mwisho wa miaka ya 1930, wakati reli ilikuwa imekwisha kupita hapa kwetu na kufika Dilolo mwaka 1931. Lakini nyumba zile zote sawasawa ndizo historia yenyewe. Kampuni ilitaka mfanyakazi akae na bibi na watoto, asikimbie kazi. Ndiyo sababu ilimpa nyumba, posho, masomo na hospitali, na ikamchunga vizuri sana pia. Walunda, Wachokwe, Waluba, Wasanga walipangwa mlango kwa mlango, na Kiswahili chetu cha Katanga kilikomaa katika kambi za namna ile. Kama hii si historia, basi sisi wenyewe tumetoka wapi?

Katika Cité Gécamines mzee mmoja alitukalisha chini ya mwembe wake. Alifanya kazi ya mgodi tangu mbele ya vita ya 1978. Alituonyesha kwa kidole: pale walipanga mstari wa posho, pale walicheza ngoma siku ya mshahara, pale walijificha risasi zilipolia. Tuliandika mpaka kalamu ikaisha wino. Halafu mama jirani akaja mbio kutuuliza: «Wanangu, ninyi ndio mnahesabu nyumba?» Tulipomwambia tuko wanafunzi tu, alicheka, lakini si kwa furaha.

Swali lake liko na sababu. Mgodi wa COMMUS, wa Zijin ya China pamoja na Gécamines, ulifunguliwa tena 2015 karibu kabisa na mtaa ule, na shimo linapanuka. Amnesty International iliandika mwaka 2023 kwamba watu wapata 39,000 walikaa mule, na wengine walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Kule Kasulo vilevile: watu waligundua mawe ya kobalti chini ya nyumba zao mwaka 2014, na 2017 sehemu ya mtaa ikavunjwa na kuzungushwa ukuta.

Hatusemi mgodi ufungwe. Wengi wetu tunalipiwa masomo na feza yake. Lakini anayehamishwa wanamhesabia vyumba na miti ya matunda. Mstari wa posho hakuna anayeuhesabu. Na Wachina wenyewe wanajua bei ya mji wa zamani: Pingyao, na ukuta wake wote, uliandikwa na UNESCO mwaka 1997, na watu wanatoka mbali kutembea katika njia zake. (Beijing nayo ilivunja mitaa yake mingi, tusiwasifu kupita kiasi.)

Hatuombi UNESCO ije Kolwezi. Tunaomba daftari. Kila anayekwenda kule likizo hii achore mtaa wake, aandike majina ya njia kama wazee wanavyoyaita, aulize nani alijenga, nani aliimba, nani alikufa. Waalimu wa historia watupatie pointi kwa kazi hii, si kwa miaka ya wafalme wa Ubelgiji peke yake. Wasiokwenda Kolwezi waanze hapa hapa, nyumba za stesheni.

Daftari letu liko kwa msimamizi wa gazeti, kurasa kumi na moja zimejaa. Mwenye mjomba katika mtaa ule atutafute mbele ya kufunga masomo.