Maji na Sabuni Wodini

Mgonjwa hulazwa hospitali ili apone. Ni jambo la kusikitisha basi akitoka na maradhi ambayo hakuingia nayo. Miongoni mwa maradhi hayo ni kuharisha kunakoletwa na bakteria aitwaye klostridiamu difisile. Tangu mwaka 1978 wataalamu wanajua kwamba bakteria huyo hushamiri baada ya mtu kutumia antibayotiki.

Dawa hizo haziui wadudu wabaya peke yao. Huwaua pia bakteria wema wanaoulinda utumbo, na pale palipoachwa wazi adui huyu hukaa na kutoa sumu. Kisha hutoka na kinyesi, akajifunga ndani ya ganda gumu na kubaki chooni, kitandani na mikononi mwa wahudumu, akimngoja mgonjwa mwingine.

Wako wanaodhani kuwa haya ni maradhi ya Ulaya na Marekani. Sivyo. Mwaka 2015 watafiti wa Mwanza walichapisha taarifa ya kumkuta bakteria huyu kwa wagonjwa wa kuharisha.

Tuitazame Haneti, wilayani Chamwino, katika uwanda wa kati wa Dodoma ambako mvua huja msimu mmoja tu kwa mwaka. Mahali kama hapo kila ndoo ya maji ina hesabu yake, na ni rahisi kuona kwamba inatosha muuguzi kupaka mikono spiriti, kama tulivyozoea tangu Korona ya mwaka 2020. Lakini spiriti haiwezi kuliua ganda hilo. Kinachomwondoa bakteria huyu mikononi ni kusugua kwa sabuni na maji yanayotiririka, na kinachomwua sakafuni na kitandani ni klorini. Kwa hiyo maji wodini si pambo la jengo. Ni sehemu ya matibabu.

Sisi wa visiwani tusijione tuko mbali na Haneti. Wabunge na watumishi wetu husafiri baina ya Unguja, Pemba na Dodoma, na maradhi hayaulizi pasi ya kusafiria. Isitoshe, desturi ya kununua vidonge viwili vitatu vya antibayotiki bila cheti cha daktari, kila mafua yanapotushika, iko Bara na iko Visiwani, ingawa dawa hizo haziponyi mafua.

Tunawaomba wananchi waiache desturi hiyo. Anayeharisha sana wakati anatumia antibayotiki, au baada ya kuzimaliza, arudi kituoni aeleze dawa aliyokunywa, wala asijinunulie nyingine.

Kwa viongozi tunasema hivi: mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa ulianza mwaka 2017, na mamlaka za dawa zipo pande zote mbili za Muungano. Maduka yasimamiwe. Na kabla ya utepe kukatwa, mgeni rasmi afungue kwanza bomba la wodini. Kituo kisicho na maji kisihesabiwe kuwa kimekamilika.