Nyumba ya haraka ina mwenyewe: afazali kujenga pole pole

Goma – Mume na mke wamemaliza miaka minne katika nyumba ya kupanga. Wana watoto wawili, na wa tatu yuko njiani. Mwenye nyumba amepandisha kodi tena, na ile garanti waliyotoa siku ya kuingia haisemi tena. Kwenye likirimba na kwenye AVEC ya mtaa wameweka dola kidogo kidogo. Asubuhi moja komisioneri anafika na habari: kuna nyumba ya matofali, iko tayari, mwenyewe amekimbia vita na anauza. Bei ni nusu ya bei ya kawaida. Lakini jibu linatakiwa kesho.

Vijana wengi wa Goma, Bukavu na Uvira wanaijua habari ya namna hii. Ndani yake kuna swali moja ambalo familia changa haiwezi kuliepuka: kununua nyumba iliyo tayari ao kutafuta parseli na kujenga?

Wanaosema kununua wana sababu. Nyumba iliyosimama inaonekana kwa macho, familia inaingia na kodi inaisha siku hiyo hiyo. Kujenga Goma si mchezo. Chini ni jiwe la volkano, na kuchimba choo peke yake ni kazi ya nyundo ya siku nyingi. Barabara ikifungwa kwa sababu ya vita, mbao, simenti na manjanja vinapanda bei. Tena anayejenga analipa mara mbili: kodi kwa mwenye nyumba, mshahara kwa fundi.

Hayo yote ni kweli. Lakini huku Kivu, swali la kwanza si bei. Swali la kwanza ni: nani anauza?

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inashuhudiwa na sertifika ya usajili inayotoka kwa mhifadhi wa hati za ardhi, yule watu wanamwita konservateri. Karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi na shefu wa mtaa inasaidia kama ushahidi, lakini haigeuki sertifika. Sheria ya familia nayo inataka mume na mke wakubaliane kabla ya kuuza parseli. Mume akiuza peke yake huku mke na watoto wako ukimbizini, ao shemeji akiuza kwa jina la ndugu asiye na habari, mnunuzi amenunua kesi.

Kuna jambo lingine ambalo sheria peke yake haimalizi. Kambi za Kanyaruchinya, Rusayo, Bulengo na Lushagala zilijaa watu wa Rutshuru, Masisi na Nyiragongo. Mwezi wa pili mwaka 2025 kambi zilibomolewa na watu wakachukua njia ya kurudi. Wako waliokuta nyumba imeungua. Wako waliokuta mtu mwingine analima shamba lao, na anasema amelinunua. Wanajua vizuri uchungu huo. Sasa mtu yule yule anayelilia shamba lake anaweza kujikuta mjini ananunua kwa bei ya chini nyumba ya mwenzake aliyekimbia. Siku mwenyewe atakaporudi, kutakuwa na wahami wawili na nyumba moja.

Je, aliyekimbia hana haki ya kuuza mali yake? Anayo. Huenda pesa hiyo ndiyo itakayolisha watoto wake huko aliko. Lakini mauzo ya kweli hayaogopi kuulizwa. Mwenyewe na mke wake wasikike wote wawili, majirani waulizwe, jina lililo kwenye sertifika lilinganishwe na kitabu cha kadasta. Kama komisioneri anakasirika kwa sababu ya maswali, amekwisha kujibu.

Kwa familia changa yenye mfuko mdogo, njia salama zaidi ni parseli tupu yenye mwenyewe anayejulikana, kisha nyumba ya mbao. Kuna wanaoicheka nyumba ya mbao, lakini Goma inaijua thamani yake. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilikata mji katikati mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikameza nyumba upande wa Buhene. Nyumba ya mbao haizuii lava, lakini hasara yake si hasara ya matofali. Na siku familia inapohama, mbao na manjanja vinafunguliwa na kubebwa. Adui yake mkubwa ni moto, kwa hiyo nafasi iachwe kati yake na nyumba ya jirani, na jiko la makala lisiwekwe karibu na ukuta. Matofali yatakuja baadaye, chumba kimoja kimoja.

Parseli nayo ichaguliwe kwa akili. Huko Bukavu, parseli ya bei ya chini mara nyingi iko kwenye mteremko unaobomoka mvua ikinyesha. Huko Uvira iko karibu na mto. Maji yaliyopita hapo mara moja yanajua njia.

Na kama karatasi haziwezi kuhakikishwa sasa, kupanga mwaka mmoja zaidi si aibu. Kodi inauma kila mwezi, lakini kufukuzwa katika nyumba uliyolipa kunaumiza maisha yote.

Familia zilizo mbali na kwao zina kazi yao pia. Sertifika, fishi ya parseli na karatasi za mauzo zipigwe picha, na picha zitumwe kwa ndugu wawili ao watatu wa kuaminika. Majirani waliobaki waambiwe wazi kwamba parseli haiuzwi. Nao mashefu wa mitaa wanapaswa kukataa kutia muhuri kwa mauzo ya mtu asiyekuwepo na asiyesikika. Muhuri mmoja wa haraka unaweza kuzaa chuki ya vizazi viwili, na Kivu imekwisha kuzika watu wengi kwa sababu ya mipaka ya mashamba.

Basi yule mume na mke wamjibu nini komisioneri kesho asubuhi? Wamwombe jina la mwenyewe, namba ya sertifika na wiki mbili. Kama atakataa, wamwache aende zake. Pesa ya likirimba ibaki pale ilipo, mpaka wapate parseli ambayo watoto wao wataweza kulala ndani yake bila kuogopa mtu anayepiga hodi.