Treni inao umeme, gari je?

Tangu Julai 2024 treni ya umeme ya SGR inapita Kilosa, na bwawa la Julius Nyerere limejengwa kutoa megawati 2,115. Umeme basi si kisingizio. Mkazi wa Kilosa mwenye gari la umeme, mradi LUKU ina yuniti, atalichaji usiku kwa soketi ya kawaida. Soketi hiyo hutoa kilowati 3 hivi: betri ya kilowati-saa 60 huhitaji saa 20 kujaa. Msafiri wa Dar kwenda Iringa hana saa hizo, na barabara inayopita Hifadhi ya Mikumi, takriban kilomita 50, si mahali pa kuishiwa chaji mbele ya tembo. TANESCO na wenye vituo vya mafuta waweke chaja za kasi Mikumi mjini.