Mkate Kwanza, Halafu Safari



Leo siandikii kila mtu. Nakuandikia wewe ambaye laptopu imekaa mezani tangu jioni, sura ya pili ya tasnifu iko wazi, na kwa nusu saa hujaongeza hata mstari mmoja. Uko Gachororo pale Juja, au Kihunguro Ruiru, au Section 9 Thika. Watoto wamelala. Kesho asubuhi una kazi. Kuandika kumekushinda, ukashika simu, ukakutana na mimi.

Karibu. Kaa kidogo.

Kanisa letu liko kwenye barabara ya wasomi. Ukitoka Kahawa kwenye Chuo Kikuu cha Kenyatta, ukapita Ruiru, ukaingia Juja kwa JKUAT, mpaka Thika kwa Mount Kenya University, ni vyuo na vyuo. Kwa hivyo Jumapili nikiangalia viti naona walimu, wauguzi, wahasibu na watumishi wa kaunti ambao wiki nzima wako kazini na wikendi wako darasani. Nimejifunza maneno yenu. Pendekezo la utafiti, hojaji, kibali cha NACOSTI, marekebisho, na marekebisho ya marekebisho. Najua pia kwamba kuandika tu hakutoshi. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya 2014 ilitaka mwanafunzi wa uzamili achapishe makala moja kwenye jarida la kitaaluma, na wa uzamifu achapishe mbili. Huo si mzigo mwepesi, na sitaki kukudanganya kwamba ni mwepesi.

Lakini nina jambo la kukiri kwanza.

Mwaka jana dada mmoja wa kanisa letu, mwalimu wa shule ya upili, alinijia baada ya ibada. Amenipa ruhusa nieleze, bila jina. Alikuwa mwaka wa nne katika kozi ya miaka miwili. Sura ya nne ilikuwa imerudi mara ya tatu. Karo ya muhula ilikuwa imekula akiba yote. Nyumbani kila simu ilikuwa na swali moja, "Utamaliza lini?"

Nikafanya nilichozoea kufanya. Nikamwekea mikono, nikakemea roho ya kuchelewesha, nikamwambia afunge siku tatu na asikose kesha ya Ijumaa. Alisema amina. Akafunga. Akaja kesha. Na Jumapili, akiwa mbele ya darasa la watoto, akaanguka.

Wengine walianza kuomba kwa sauti wakidhani ni pepo. Haikuwa pepo. Ilikuwa njaa na usingizi.

Mama mchungaji alimchukua nyumbani. Akampa chai ya maziwa na nduma, akamlaza kwenye kochi, akamfunika leso. Dada akalala mpaka saa kumi na moja jioni. Alipoamka alianza kulia. Akasema, "Mum, nisamehe, nimepoteza siku nzima."

Mke wangu akamjibu, "Hujapoteza kitu. Nawa mikono, ugali uko tayari."

Nilikuwa nimekaa pale pale na Biblia yangu. Nikajua kwamba siku hiyo mke wangu ndiye aliyehubiri. Mimi nilikuwa nimemwongezea mtu mzigo, nikauita huduma.

Usiku huo nilirudi kwenye Wafalme wa Kwanza sura ya 19. Nimeihubiri mara nyingi, lakini nilikuwa napita haraka mahali pa muhimu. Eliya ametoka kwenye ushindi mkubwa pale Karmeli, kisha anatishwa, anakimbia, anaketi chini ya mti jangwani na kumwomba Mungu amtoe uhai. Huyu ni nabii. Si mtu mvivu, si mtu asiye na imani.

Sasa angalia Mungu anafanya nini. Hatumi nabii mwingine aje kumkemea. Hamuulizi kwanza kwa nini amekimbia. Anamwacha alale. Malaika anamgusa, na kando yake kuna mkate uliookwa juu ya makaa, na chombo cha maji. Anakula, anakunywa, analala tena! Malaika anakuja mara ya pili na kumlisha tena, akimweleza kwamba safari iliyo mbele ni kubwa kuliko nguvu zake. Swali gumu la Mungu linakuja baadaye kabisa, kule Horebu, mtu akiwa ameshiba na amelala.

Na Bwana Yesu alifanya vivyo hivyo na wanafunzi wake. Walikesha ziwani bila kupata samaki hata mmoja. Unaujua usiku wa namna hiyo, wewe uliyekesha na data. Asubuhi walimkuta na moto wa makaa, samaki na mkate. Petro alikula kwanza ndipo akaulizwa maswali.

Maoni yangu ni haya, na najua wengine hawatakubaliana nami. Tumewafundisha wanafunzi wetu kwamba furaha ni malipo ya mwisho. Maliza tasnifu, utetee, uvae joho siku ya mahafali, halafu ndipo ucheke. Mtu anaishi miaka minne bila kuonja kitu, akidhani anamheshimu Mungu na wazazi wake. Mimi nasema hapana. Furaha ndogo za kila siku ni mkate wa njiani. Mkate wa njiani huliwa njiani. Ukiuweka mpaka ufike, hutafika.

Na sisemi uende Mombasa. Najua mfuko wako ulivyo. Nasema vitu vidogo. Ukishuka stejini Thika, nunua nanasi lililokatwa, ulile ukiwa umesimama, polepole, bila kuangalia simu. Jumamosi moja kwa mwezi, nenda na rafiki mkasikilize maji ya Chania yakianguka, au mchange nauli mfike Fourteen Falls. Jioni Ruiru ikipoa, zunguka mtaa dakika ishirini, nunua hindi choma, umsalimie mama mboga umuulize habari za mtoto wake. Pika chapati mwenyewe. Imba sauti yako ya pili kwenye kwaya hata kama sura ya tatu haijaisha. Lala mchana Jumapili bila kuomba mtu msamaha.

Mhubiri alikwisha kutuonya katika sura ya 12 kwamba kutunga vitabu hakuna mwisho na kusoma sana huuchosha mwili. Soma mstari wa 12 mwenyewe uone. Mungu anajua kwamba kusoma ni kazi ya mwili pia. Wewe tu ndiye unayejifanya hujui.

Najua swali lako, kwa sababu wazee wawili wa kanisa wameshaniuliza. "Pasta, si hapo ndipo vijana wanapotelea? Unawaambia wapumzike, na wengine hawajafungua laptopu tangu Januari!"

Ni kweli, na sitawatetea. Kuna kupumzika na kuna kukimbia. Kipimo changu ni hiki. Baada ya jambo hilo, unarudi mezani ukiwa umeongezeka au umepungua? Matembezi ya dakika ishirini yanakurudisha ukiwa na wazo jipya. Filamu za mfululizo mpaka saa nane za usiku zinakurudisha ukiwa na macho mekundu na hatia. Chai na rafiki inakujenga. Saa tatu za kupitisha kidole kwenye simu hazimjengi mtu, hata kama unachosoma ni mahubiri yangu. Na tena, malaika hakumlisha Eliya ili ajenge nyumba chini ya ule mti. Alikula, akainuka, akatembea siku 40. Ukila mkate halafu hutembei, hujapumzika. Umejificha.

Kwa hivyo andika vyote viwili kwenye ratiba. Kama umeweka saa mbili za kuandika usiku, weka pia nusu saa ya jambo dogo linalokufurahisha, na uiheshimu kama unavyoheshimu miadi ya msimamizi wako. Chagua usiku mmoja kwa wiki ambao laptopu haifunguliwi. Na ukiketi kuandika, andika kweli. Aya moja nzuri ni aya moja nzuri. Mshukuru Mungu kwa hiyo ulale.

Sasa niseme na sisi wengine.

Mzazi, badala ya "Utamaliza lini?" jaribu "Umekula?" Bwana, mke wako akiwa na tasnifu, osha vyombo bila kutangaza. Mke, mume wako akitoka kuzungumza na msimamizi amenuna, mpe chai kabla ya kumpa orodha ya bili. Viongozi wa idara, mwanafunzi akiomba apumzike na zamu miezi mitatu, msimwite aliyepoa kiroho. Nami nimejirekebisha. Siku hizi mwanafunzi akija kuombewa, naanza kwa kumuuliza alilala saa ngapi na alikula nini. Maombi hayajapungua nguvu. Yameongezeka ukweli.

Na kama uko mahali Eliya alipokuwa, mahali ambapo mtu anatamani kulala asiamke, nanasi na matembezi peke yake hayatoshi, na sitajifanya yanatosha. Mwambie mtu leo. Nipigie, mpigie mama mchungaji, nenda kwa mshauri wa wanafunzi chuoni, nenda hospitali. Eliya alisema waziwazi mbele za Mungu kwamba amechoka kuishi, na hakufukuzwa. Kusema si dhambi.

Jambo la mwisho. Profesa Wangari Maathai alipata shahada yake ya uzamifu hapo Nairobi mwaka wa 1971, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati. Muulize mtu yeyote stejini Juja alichoandika kwenye ile tasnifu. Wachache sana watakuambia ilihusu anatomia ya ng'ombe. Lakini kila mtu atakuambia habari za miti. Tasnifu ilikuwa mlango, akaupita, akaenda kufanya alichoitiwa. Hata yako ni mlango. Ukijimaliza mlangoni, nani ataingia ndani?

Yule dada bado hajamaliza. Sura ya nne ilipita, ya tano imerudi na alama nyekundu. Lakini Jumapili iliyopita alikuja na mfuko wa maembe, akawagawia watoto wa darasa lake, naye akala moja mpaka maji yakatiririka mkononi. Alikuwa anacheka. Niliangalia nikasema moyoni, huyu atafika.

Tuombe. Baba, mwangalie mtoto wako aliye macho usiku huu. Mpe hekima kwa kazi yake na msimamizi mwenye huruma. Mpe mkate wake wa leo, na umfundishe kuula bila hofu. Ukimwinua, mpe miguu ya kutembea. Katika jina la Yesu, amina.

Sasa hifadhi kazi yako, funga laptopu, kunywa maji, ulale. Ukiamka, andika hapa chini jambo moja dogo lililokufurahisha wiki hii. Nitasoma yote. Na kama unamjua anayeandika tasnifu, usimtumie ujumbe huu tu. Mpelekee chakula.

Tuonane Jumapili.