Babu Aliyezama na Khedive Ismail

Na Idrisa Shomari

Katika familia nyingi za Afrika Mashariki yumo mzee anayetajwa kwa sentensi moja tu, kwamba alikwenda vitani na hakurudi, na sentensi hiyo hurithishwa kwa mwana, mjukuu, kitukuu na kilembwe bila kuongezwa neno, kana kwamba mtu huyo alizaliwa siku aliyovishwa kaptura ya jeshi. Kwa mamia ya familia hizo swali la mahali alikopotelea lina jibu linaloweza kutajwa kwa tarehe na kwa dakika: mchana wa Jumamosi, tarehe 12 Februari 1944, katika Bahari ya Hindi karibu na visiwa vya Maldives, ndani ya meli iliyoitwa Khedive Ismail.

Meli hiyo iliundwa mwaka 1922 kwa ajili ya abiria, na jina ililokufa nalo lilitokana na cheo cha khedive, walichokuwa nacho watawala wa Misri katika karne ya 19. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza waliitumia kubeba wanajeshi, na mwanzoni mwa Februari 1944 iling'oa nanga Kilindini, Mombasa, kuelekea Colombo katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, ikiwa katika msafara wa meli tano za askari zilizosindikizwa na manowari. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,500: mabaharia, wanawake zaidi ya 70 ambao wengi wao walikuwa wauguzi, na kundi kubwa kuliko yote, yaani watu 996 wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, askari Waafrika pamoja na maafisa wao wa Kizungu. Rejimenti ya mizinga haikai mstari wa mbele pamoja na wenye bunduki, bali hupiga kutoka nyuma ili kuwafungulia njia askari wa miguu, na hao wa 301 walitazamiwa kuifanyia kazi hiyo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa Ceylon ikijiandaa kupambana na Wajapani huko Burma.

Hawakufika. Nyambizi ya Kijapani, yaani meli ya vita inayokwenda chini ya maji, iliyojulikana kama I-27, iliipiga Khedive Ismail kwa topido mbili, na meli ikazama katika muda usiotimia dakika tatu, hivyo kwamba aliyekuwa katika vyumba vya chini hakuwa na nafasi hata ya kuifikia ngazi. Walikufa watu 1,297, na waliookolewa walizidi 200 kwa wachache tu. Lipo pia jambo zito ambalo wajukuu wana haki ya kulijua bila kufichwa, nalo ni kwamba nyambizi ilijificha chini ya mahali palepale walipokuwa wakielea walionusurika, na manowari za Kiingereza Petard na Paladin, zilipokuwa zikiisaka, ziliangusha mabomu yanayolipukia ndani ya maji wakati watu wangali baharini. I-27 ilizamishwa siku hiyohiyo. Kwa hesabu ya kivita uamuzi huo unaelezeka, kwa sababu msafara mzima ulikuwa hatarini, lakini kuelezeka hakuondoi uchungu wake, na historia inayowaheshimu marehemu haina budi kuutaja.

Huku nyumbani kifo cha namna hiyo kilikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa bahari haikurudisha maiti. Katika fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu inayofuatwa na watu wa mwambao, mtu aliyetoweka bila habari huitwa mafqud, na maadamu kifo chake hakijathibitishwa wala kadhi hajatoa hukumu, mirathi yake haigawiwi, na mkewe hawezi kuanza eda ya miezi minne na siku kumi wala kuolewa tena. Kifo kikishathibiti, sala ya maiti aliye mbali inaweza kusaliwa hata kama jeneza halipo. Wajaluo nao, kando ya Ziwa Viktoria, huzika tunda la yago, ambalo ni refu na zito, mahali pa mtu ambaye mwili wake haukupatikana, ili ukoo uwe na kaburi la kulielekea. Desturi hizi zote mbili zinahitaji kitu kimoja, nacho ni habari ya hakika. Vita haviitoi habari kwa urahisi, kwa maana upotevu wa meli ulikuwa siri ya kijeshi na barua za askari zilipitia kwa wakaguzi kabla ya kufika kwa wenyewe, na hivyo kati ya siku meli ilipozama na siku mjane alipoweza kukalia eda ulikuwapo muda ambao hakuna kitabu cha vita kinachouhesabu, ingawa ndio sehemu ya vita iliyopiganwa nyumbani.

Baada ya vita jina la askari liliandikwa. Kumbukumbu ya Afrika Mashariki, iliyomo katika makaburi ya kijeshi karibu na barabara ya Ngong, Nairobi, inawakumbuka waliozama na Khedive Ismail, na rejesta yake humtaja kila mmoja kwa namba, cheo, kikosi na tarehe ya kufa, na pengine jina la baba na mahali alikotoka. Hilo si dogo, hasa likilinganishwa na yaliyowapata waliotangulia. Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ambao kikosi chao ndicho kilichoachia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi majina yao, walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na uchovu, na mwaka 1922 gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alishauri kwamba makaburi yao makubwa yaachwe yamezwe na pori. Ushauri ukafuatwa. Ilipofika mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofia upande wa Uingereza katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi.

Hata hivyo rejesta ya Nairobi, pamoja na thamani yake, humwanza mtu pale anapoishia. Haisemi kama alikuwa mvuvi, mchungaji au kibarua wa mkonge, wala kama alijiandikisha Keya, kama wenyeji walivyoliita jeshi la King's African Rifles na majeshi yaliyofungamana nalo, kwa kufuata mshahara au kwa kutajwa na chifu. Haisemi kwamba huko kambini, akiwa kati ya watu wa makabila mengi, alijifunza Kiswahili kile kifupi cha amri ambacho wataalamu wa lugha wamekiita Kikeya. Mambo hayo yamo katika vinywa vya wazee, nayo yakikutanishwa na namba ya rejesta ndipo babu anapopata maisha kamili, yenye ujana, kazi, mke na safari, badala ya kifo kitupu.

Kwa hiyo idara za nyaraka za taifa za Kenya, Tanzania na Uganda zina wajibu ulio wazi na usiohitaji fedha nyingi: orodha ya waliozama itolewe kwa Kiswahili, ipangwe kwa wilaya kila inapowezekana, kisha ibandikwe katika ofisi za kata na isomwe misikitini, makanisani na barazani, ili yeyote anayelitambua jina la baba yake au la babu yake aseme. Kazi hiyo haiwezi kungoja maadhimisho ya miaka 100, kwa sababu mtoto aliyekuwa tumboni mwa mama yake siku ile meli ilipozama amekwisha kupita miaka 80, naye ndiye wa mwisho aliyewahi kusimuliwa habari za mzee huyo na mke aliyeishi naye.