Kidole cha Mtoto na Kipimo cha Oksijeni



Mama ampelekapo zahanati mtoto anayehema kwa taabu, muuguzi humbana kidole kwa kifaa kidogo chenye mwanga mwekundu. Punde hutokea nambari: 93, 94. Mama hushusha pumzi. Je, nambari ile husema kweli daima?

Kifaa hicho hupitisha mwanga kidoleni, kisha hukadiria oksijeni iliyomo damuni kwa kupima mwanga uliotokea upande wa pili. Ngozi nyeusi hufyonza mwanga zaidi, na vifaa vingi vilisawazishwa kwa kuwapima zaidi watu weupe. Kwa hivyo huweza kuonyesha nambari iliyo juu kuliko hali halisi ya mtoto mweusi.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walilinganisha kipimo cha kidoleni na cha damu yenyewe kwa watu wazima. Kifaa kiliposoma asilimia 92 hadi 96, takriban vipimo 12 katika kila 100 vya wagonjwa weusi vilificha upungufu mkubwa wa oksijeni. Kwa weupe havikufikia 4. Tafiti za watoto zilizofuata huko Marekani zilionyesha mwelekeo uo huo.

Si jambo dogo. Mtoto mwenye nimonia hupewa oksijeni nambari ishukapo chini ya 90. Tofauti ya nambari mbili tatu huweza kumrudisha nyumbani aliyestahili kulazwa.

Hatusemi kifaa kitupwe, kwani kimeokoa roho nyingi. Twasema kisiwe shahidi wa pekee. Mtazame mwanao: kifua chabonyea ndani avutapo pumzi? Pua zatanuka? Amekataa kunyonya, au amelegea? Rangi ya buluu usiitafute usoni. Tazama ulimi na ufizi. Akiwa amepakwa hina nyeusi au rangi ya kucha, omba apimwe kwenye kidole cha mguu kisichopakwa. Ukiona dalili hizo, mwambie tabibu waziwazi, hata kama nambari ni nzuri. Kusema hivyo si utovu wa adabu. Mtoto ni amana.

Rangi ya ngozi ni ishara ya uwezo wake Allah, wala si dosari. Dosari ni ya chombo, nacho hutengenezwa na binadamu.

Allah awahifadhi watoto wetu. Amin.